Makombora na Vichwa vya Nyuklia (3): Soketi Iliyoanguka Damascus

Mtu akionyeshwa picha ya kombora la nyuklia, macho yake hukimbilia kileleni, mlimo na bomu. Kichwa hicho tulikieleza juma lililopita. Leo tushuke kwenye matangi, maana kuna nyakati balaa humkalia mchukuzi, si mzigo.

Titan II la Marekani lilianza kuwekwa tayari mwaka 1963. Lilikuwa na urefu wa mita 31 hivi, likisimama wima ndani ya shimo la zege. Mtangulizi wake, Titan I, lilihitaji kujazwa oksijeni ya kimiminika kabla ya kurushwa: kazi ya robo saa, na katika vita vya nyuklia robo saa ni nyingi mno. Titan II likajazwa mapema na kukaa hivyo, tayari kuruka ndani ya dakika moja. Haraka hiyo ilikuwa na bei yake. Matangi yalibeba mafuta ya jamii ya hidrazini pamoja na nitrojeni tetroksidi, na viwili hivyo vikigusana tu vinawaka, bila kiberiti wala cheche. Vyote ni sumu.

Jioni ya Septemba 18, 1980, karibu na mji mdogo wa Damascus (huu wa Arkansas, si ule wa Syria), mafundi wa Jeshi la Anga walikuwa wakilihudumia kombora mojawapo. Soketi ya spana, nzito kama kilo nne, ikaponyoka. Ikaanguka zaidi ya mita 20, ikadunda chini, ikatoboa tangi la mafuta. Mvuke ukatanda shimoni. Hofu ilikuwa kwamba tangi hilo likiishiwa shinikizo litabonyea, na lile la juu yake, lenye kemikali ya pili, litapasuka. Usiku huohuo, mnamo saa tisa, shimo likalipuka. Mfuniko wa tani 740 ukang'oka. Askari David Livingston akafariki, wengine 21 wakajeruhiwa.

Na kichwa? Kilikuwa W53 cha megatani 9, yaani mara 600 hivi ya bomu la Hiroshima. Kilikutwa nje, si mbali na lango, hakijalipuka. Sikubali kuiita bahati tupu. Moto na kishindo pekee havitoshi: baruti inayokizunguka kiini lazima ilipuke pande zote kwa wakati mmoja. Lakini wala nisiwapoze wasomaji kupita kiasi, kwani wahandisi wa maabara ya Sandia, inayoshughulikia usalama wa silaha hizo, walikuwa na mashaka na vichwa vya zamani kama hicho.

Titan II la mwisho liliondolewa mwaka 1987. Minuteman, linalotumia fueli yabisi, lilikuwa limeshashika nafasi kwa miaka mingi. Halina matangi makubwa ya kutobolewa. Fueli ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha kombora la Polaris kurushwa kutoka chini ya maji mwaka 1960. Juma lijalo tutaingia ndani ya nyambizi.