JINA FUPI LATAKA MWENZAKE

Ukifika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ita "Ali!" Watageuka wengi. Ita "Ali Ramadhani!" Wengi wataendelea na biashara zao. Hiyo ndiyo kazi ya jina la kati.

Kwa desturi yetu, jina la kati ni la baba. Basi jina la mtoto litamke pamoja na la baba yake. "Asha Abdala" husikika "Ashabdala". "Asha Ramadhani" halina taabu.

Cheti cha kuzaliwa kikisema Ramadhani na kitambulisho Ramazani, mtu mmoja huonekana wawili. Atasumbuka akidai mirathi. Kusoma unajua. Kisome cheti kabla hujaondoka dirishani.