Mathree ziliingiaje kwenye simu yako? Uliza vijana wa Chiromo

Hebu fikiria siku yako ya kwanza Nairobi. Umeshuka basi kutoka ushago, begi mgongoni, saa moja jioni, na binamu yako amekutumia ujumbe mmoja tu: “Chukua 46, shukia Kawangware.” Sawa, lakini 46 inabebea wapi? Unamuuliza mtu wa kwanza, anakuelekeza mbele. Wa pili anakurudisha ulikotoka. Wa tatu anaangalia begi lako kuliko anavyoangalia uso wako.

Kama umekulia hapa, najua unacheka. Wewe ramani unayo kichwani. 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 105 ni Kikuyu, 125 ni Rongai. Unajua kwamba jioni gari laweza kukata kona mahali ambapo asubuhi halipiti. Hakuna mwalimu aliyekufundisha, ulijifunza kwa kupotea.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi ramani hiyo ilikaa vichwani tu. Matatu zimekuwa zikibeba abiria kihalali tangu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kufanya kazi bila leseni maalumu ya usafiri. Miaka 40 hivi baadaye, wakazi wa Nairobi walikuwa bado hawana ramani kamili ya kidijitali ya njia zote ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Jiji lilikuwa likiendeshwa na kitu ambacho kwenye kompyuta hakikuwepo.

Waliokiingiza humo ni pamoja na wanafunzi, rika lako wewe.

Kihisi chenye miguu

Ukitoka tao kuelekea Westlands, kabla ya kufika utapita Chiromo, bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi linalofunza kompyuta. Mwaka 2012, watafiti wa hapo, wakiwemo Peter Waiganjo Wagacha na Dan Orwa, waliungana na Sarah Williams wa MIT, Jacqueline Klopp wa Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ndogo ya ubunifu iitwayo Groupshot. Mradi wakauita Digital Matatus.

Wazo lenyewe halikuwa na madoido. Kila mwanafunzi achukue simu yenye GPS, apande matatu kuanzia steji ya mwanzo hadi ya mwisho, na arekodi njia nzima na kila mahali gari linaposimama. Kisha arudi. Kesho, njia nyingine.

Ukisikia watu wanaongea kuhusu mitandao ya vihisi, huenda unawaza vidude vya bei ghali vilivyofungwa juu ya nguzo. Lakini kihisi ni kifaa chochote kinachopima jambo fulani na kulipeleka mahali likasomwe. Simu yako inavyo kadhaa: kimoja kinajua umeielekeza wapi, kingine kinajua umeitikisa, na GPS inajua uko wapi. GPS yenyewe haiulizi mtu njia. Inasikiliza mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4, inapima yamechukua muda gani kufika, halafu inapiga hesabu.

Hesabu hiyo hukosea, lakini. Ukiwa Ngong Road penye anga wazi, inaweza kukosea kwa mita chache tu. Ukiingia katikati ya maghorofa ya tao, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika kwako, na simu inaweza kudai uko juu ya paa la jengo wakati umebanwa kwenye siti ya nyuma. Ndiyo maana kazi kama hii haiishii kwa mashine. Lazima awepo mtu anayelijua jiji, aiangalie ile mistari na kusema: “Apana, hapa gari halipiti.”

Steji ni nini?

Hapo ndipo utafiti ulipokuwa mtamu. Data ya usafiri huandikwa kwa mtindo uitwao GTFS, ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005. Portland mabasi yana ratiba. Basi la saa 2:15 linatoka saa 2:15, liwe limejaa au halijajaa.

Wewe unajua ya kwetu. Gari linatoka likijaa. Makanga atakwambia “bado mbili tu” na wewe unahesabu siti sita tupu. Steji inaweza kuwa na kibanda na alama rasmi, au ikawa tu mahali ambapo watu wamezoea kusimama karibu na mama wa mahindi choma. Na majina? Kuna steji zinazoitwa kwa majina ya maduka na vituo vya petroli ambavyo havipo tena. Nakumatt ilifunga milango yake, lakini hadi leo utasikia mtu akimwambia kondakta “nishukishe Nakumatt” na kondakta akaelewa.

Kwa hiyo ilibidi timu ifanye maamuzi. Mahali gari linaposimama kila mara, hata bila alama, pahesabiwe kama steji? Pale pasipo na ratiba, uandike nini? Mtindo wa GTFS unakuruhusu kukadiria kwamba gari hupita kila baada ya dakika kadhaa, na hilo likasaidia. Lakini elewa kilichofanyika: hawakulazimisha Nairobi ijifanye Portland. Walikaa na mtindo wa data wakauliza unaweza kupanuka vipi ili Nairobi iingie.

Ramani ikatoka

Mwanzoni mwa mwaka 2014 kazi ilizinduliwa: njia zaidi ya 130, zimechorwa kwa rangi kufuatana na barabara kuu, kwa muundo unaofanana na ramani za treni za chini ya ardhi za London. Data yote iliachwa huria, kila mtu aichukue bure. Mwaka 2015 ikaingia kwenye Google Maps, na Nairobi ikawa miongoni mwa miji ya kwanza duniani ambapo usafiri usio na ratiba rasmi ulionekana humo. Miji mingine, ikiwemo Managua kule Nicaragua, ikafuata mfano huo.

Lakini kuonekana Google si ndiyo habari kubwa. Habari kubwa ni kile ambacho watu walikiona walipoitazama picha nzima mara ya kwanza: karibu kila mstari unaingia tao. Ukiwa Kangemi na kazi iko Lang'ata, mara nyingi unapelekwa kwanza katikati ya jiji, unashuka, unatembea, unapanda tena. Nauli mara mbili, foleni mara mbili. Ulikuwa unalijua hilo kwa miguu yako. Sasa lilikuwa kwenye karatasi, na mtu anayepanga barabara hawezi kusema hajaliona. Hata wenye matatu walipooneshwa ramani walianza kuzungumzia njia mpya.

Hiyo ndiyo nguvu ya data. Lalamiko la mtu mmoja hupuuzwa kirahisi. Lalamiko lililopimwa likachorwa linahitaji jibu.

Chiromo hawakuwa peke yao. Lang'ata, ndani ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, IBM ilifungua maabara ya utafiti mwaka 2013. Watafiti wake walifunga vifaa kwenye malori ya kaunti yanayozoa taka, wakijua kwamba lori la taka hupita hata vichochoro ambavyo magari mengine hayaendi. Kila lori liliporuka tuta au kudumbukia shimoni, kifaa kilirekodi. Wazo ni lile lile: kitu ambacho tayari kinazunguka jijini kila siku kigeuzwe kihisi.

Ramani nayo huzeeka

Sasa tuje kwako, kwa sababu hapa pana jambo la kuuma.

Ramani ya mathree si kama ramani ya milima. Mlima haukuhami. Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, watu wakatembea kwa miguu, na agizo likasitishwa haraka. Mwaka 2022 magari ya Ngong Road na Lang'ata Road yakaelekezwa Green Park. Kila badiliko kama hilo linaifanya data ya jana iwe uongo wa leo, na anayeumia ni yule yule mgeni wetu mwenye begi: simu inamwambia 111 iko hapa, naye anasimama peke yake kwenye steji iliyohama.

Na nani atairekebisha? Miradi ya utafiti ina mwanzo na mwisho. Fedha zikiisha, watafiti wanaandika ripoti, wanafunzi wanahitimu, wanatafuta kazi. Jiji linabaki. Kama hakuna kijana wa hapa mwenye ujuzi na nia, tutarudi tulikokuwa, ramani kichwani, huku kampuni kubwa za nje zikikusanya nyendo zako kupitia simu yako na kuzifungia kwao. Tofauti ni kubwa. Data ya Chiromo unaweza kuipakua na kuikagua. Ile nyingine hata hujui imeandikwa nini juu yako.

Anza na steji yako

Huenda unajifunza koding, au unataka. Labda umelipa karo kwenye mojawapo ya shule zilizojaa Ngong Road, au uko chumbani unafuata video usiku bando la bei nafuu likianza. Nakuomba uache kidogo mazoezi ya kutengeneza kikokotoo ambacho tayari kiko kwenye simu ya kila mtu. Chukua data ya mathree.

Ukiifungua utashangaa. Ni faili za maandishi ya kawaida zilizofungwa pamoja, kila kipande cha habari kimetengwa kwa mkato. Moja ina orodha ya njia. Nyingine ina steji: namba ya utambulisho, jina, na mahali ilipo. Tao utaikuta karibu na nyuzi 1.28 kusini mwa ikweta na 36.82 mashariki. Faili nyingine zinaunganisha njia na steji zake kwa kutumia namba kama hizo. Ukielewa zinavyoshikana, umeelewa msingi wa hifadhidata bila kukariri ufafanuzi wa kitabuni.

Kisha jiulize swali moja dogo. Kutoka kwenu, ni steji ngapi mtu anaweza kufika bila kupitia tao? Andika programu ya kujibu hilo. Utakwama, na utakwama kwa sababu za kweli: jina limeandikwa kwa tahajia mbili, steji mbili zimetenganishwa na barabara tu, njia imekufa zamani. Hayo ndiyo matatizo ambayo anayekuajiri atakupa siku ya kwanza kazini.

Ukimaliza, panda gari. Kaa siti ya dirishani, washa GPS, rekodi kutoka kwenu hadi mwisho wa njia, ulinganishe na kilicho kwenye faili. Chunga simu tu, unajua tao ilivyo. Na ukirekodi, rekodi gari, si abiria. Jirani yako kwenye siti hajakubali kuwa sehemu ya utafiti wako.

Utakapoikuta steji iliyohama, usiishie kucheka. Irekebishe. Kuna mtu anateremka basi leo jioni na begi mgongoni, na hajui 46 inabebea wapi.