Julai hii, achana na slasha kidogo

Ukiishi Limuru, Kikuyu au hata Lang'ata, unajua Julai haichezi. Jua linapotea siku nne mfululizo, koti halitoki mwilini, na zile nyasi mbele ya nyumba zinaanza kupauka. Hapo wengi wetu huingiwa na haraka: slasha, mbolea, maji, vyote siku moja.

Mimi nilifanya hivyo mwaka jana. Nilikuwa nimepanga nyumba yenye kiuwanja kidogo, na mwenye nyumba alishaniambia wazi: siku nikihama, nyasi ziwe vile nilizikuta, la sivyo anakata deposti. Nikazinyoa zikabaki kama kichwa cha mwanafunzi wa fomu wani, kisha nikamwaga CAN viganja kadhaa. Kufikia mwisho wa Agosti nilikuwa na udongo mwekundu na mabaka ya ukoga. Hesabu ya kupanda upya niliifanya nikiwa nimeketi, bana.

Nyasi nyingi tunazofuga Nairobi na viungani ni zile za Kikuyu, mmea asilia wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, unaotambaa kwa mashina juu na chini ya udongo. Marekani wameziweka kwenye orodha ya magugu hatari kwa vile hazing'oki. Lakini hata ngangari huyu hupenda joto. Baridi na mawingu yakija hafi, anapunguza mwendo tu. Ukimkata majani yote, umeondoa kile kinachonasa jua lile kidogo lililopo, naye anaanza kula akiba ya mizizi.

Kwa hivyo msimu huu subiri nyasi zirefuke kwanza, halafu usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Kabla ya kufungua mpira wa maji, tia kidole udongoni. Ukihisi unyevunyevu, rudi ndani unywe chai. Kama ni lazima umwagilie, fanya asubuhi, maana majani yanayolala yakiwa maji hualika kuvu. Majani ya miti yaliyoanguka yaondoe kwa reki. Pale mnapopitia kila siku pakigandamana, toboatoboa kwa jembe la uma ili hewa na maji vipenye.

Walio Kinangop au Nyahururu, mkiamka mkute umande umeganda, msikanyage hadi uyeyuke. Jani lililoganda huvunjika, na nyayo zako utaziona zikiwa za kahawia siku kadhaa.

Na ile kona ya kivuli nyuma ya ukuta? Usijitese. Nyasi za Kikuyu hazipendi kivuli, weka kokoto ama maua yanayokivumilia.

Mbolea ingoje jua lirudi na mvua ya Oktoba ikaribie. Ndipo nami nilichomeka vipande vya mashina nilivyoombaomba kwa jirani, kimoja kimoja, Jumamosi tatu. Deposti bado iko kwa mwenye nyumba. Hajaniuliza kuhusu nyasi tangu Desemba.