Zamu ya Kwanza au ya Pili? Kuchagua Saa ya Chakula cha Jioni Melini

Anayekata tiketi ya meli ya kitalii hukutana na swali ambalo wengi hulijibu haraka haraka: chakula cha jioni utakula zamu ya kwanza au zamu ya pili? Mtu anaweka alama mahali pamoja, anaendelea na habari ya chumba na malipo. Akishapanda meli ndipo anapoona kwamba saa ile imempangia jioni zake zote: lini arudi kutoka mjini, lini aoge, lini atazame onyesho, lini watoto walale. Ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba wako karibu na bandari zinakoanzia safari hizi, na baadhi yao huwaalika wazazi kutoka nyumbani ili wasafiri pamoja. Kwao uamuzi huu unastahili kufanywa kwa utulivu, mezani, ratiba ya safari ikiwa mkononi.

Kwa nini kuna zamu

Meli kubwa za leo hubeba abiria 3,000 na zaidi. Ukumbi mkuu wa chakula hauwezi kuwaketisha wote kwa mara moja, wala jiko haliwezi kuwapakulia wote chakula cha moto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo abiria hugawanywa, kama wanafunzi wa shule zetu za zamu mbili: madawati ni yale yale, kundi hili likitoka lile linaingia. Mara nyingi zamu ya kwanza huanza kati ya saa 11:30 na 12:30 jioni, na ya pili kati ya saa 1:45 na 2:45 usiku. Safari za Mediterania huelekea kuchelewa kidogo, kwa kuwa Wahispania na Waitaliano wamezoea kula usiku. Kwenye tiketi saa hizi huandikwa kizungu, 17:30 au 20:15, basi zisome vizuri kabla ya kumweleza mama.

Katika mpango huu unapewa meza yenye namba yako, na unaketi hapo na watu wale wale kila usiku, mkihudumiwa na wahudumu wale wale. Kufikia siku ya tatu mhudumu anajua nani hali nguruwe, nani anataka chai ya moto badala ya maji ya barafu, na mtoto yupi hagusi mboga. Raha hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi waendelee kuupenda mpango wa zamu.

Lakini tazama kinachotokea ukumbini kati ya zamu moja na nyingine. Mgeni wa mwisho anapoinuka, kitambaa cha meza kinavutwa na kingine kinatandazwa. Uma na visu vinapangwa upya, vya kuanzia nje na vya kumalizia ndani. Glasi zinainuliwa kwenye mwanga zikaguliwe alama za vidole, vikapu vya mkate vinajazwa, kisha milango inafunguliwa tena. Mhudumu na msaidizi wake, ambao mara nyingi wana watu ishirini hivi wa kuwatunza, wanaanza upya kwa tabasamu lile lile. Hapo ndipo unaelewa tofauti ya msingi. Zamu ya kwanza ina mwisho unaojulikana, kwa sababu kuna watu wanaosubiri kiti chako. Zamu ya pili haina anayekufuata, hivyo mazungumzo na kahawa yanaweza kuendelea bila haraka.

Ukumbi wa maonyesho nao hufuata ukumbi wa chakula. Kwa kawaida onyesho huchezwa mara mbili: wanaokula mapema hulitazama baada ya kula, na wanaokula zamu ya pili hulitazama kabla ya kula au usiku zaidi.

Anza na ratiba ya bandari

Watu wengi huchagua kwa kufuata saa wanayokula nyumbani. Mimi nashauri uanze kwingine: angalia saa ambayo meli itang'oa nanga katika kila bandari.

Chukua safari ya wiki moja ya visiwa vya Karibea kutoka Miami. Katika bandari kama Nassau na Cozumel, meli nyingi huondoka alasiri au jioni mapema, na abiria hutakiwa wawe wamerudi kabla ya hapo. Unapata muda wa kuoga na kubadilisha nguo, na saa 12 jioni uko mezani bila kukosa chochote. Hapo zamu ya kwanza inakaa vizuri.

Mediterania ni habari nyingine. Meli inayokwenda Rumi hufunga gati Civitavecchia, na kutoka hapo hadi mjini ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Mtu aliyezunguka Rumi kutwa nzima chini ya jua la Julai anarudi saa 12 jioni akiwa na vumbi miguuni. Zamu ya kwanza itamlazimisha ama akatishe matembezi ama aende mezani bila kuoga. Santorini ni vivyo hivyo: meli hutia nanga baharini, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na kwenye foleni ya gari la waya linaloshuka kutoka Fira unaweza kukaa muda mrefu. Tena jua la kiangazi huko huzama karibu saa 2:30 usiku, na ndilo lililowaleta watu wengi. Safari ya Alaska pia iko hivyo. Juneau mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, na meli nyingi hukaa bandarini hadi usiku. Anayekula saa 11:30 anaiacha nusu ya mchana wake nchi kavu.

Hesabu siku hizo. Kama bandari nyingi zinakuachia nafasi kabla ya saa 11 jioni, zamu ya kwanza inakufaa. Kama nyingi zinaendelea hadi saa 1 usiku na baada yake, chagua ya pili. Na ukiwa safarini fuata saa inayotangazwa na meli. Simu inaweza kujibadilisha yenyewe kwa saa ya nchi mliyofika.

Magharibi na Isha

Kwa msomaji Mwislamu kuna hesabu nyingine ambayo mawakala wengi hawaitaji. Safari za Ghuba zinazoanzia Dubai, Abu Dhabi au Doha hufanyika zaidi miezi ya baridi. Dubai mwezi wa Disemba jua huzama karibu saa 11:30 jioni, na mwezi wa Februari baada ya saa 12 kidogo. Magharibi inaangukia ndani ya zamu ya kwanza hasa. Anayechagua zamu ya pili huswali Magharibi na Isha kwa wakati wake, kisha akaenda kula ametulia. Mediterania mwezi wa Juni mambo yanageuka: Barcelona jua huzama karibu saa 3:30 usiku, kwa hiyo zamu ya kwanza humalizika mapema kabla ya Magharibi, na ya pili ndiyo inayoingiliana nayo. Wapo wanaotumia ruhusa ya msafiri ya kukusanya swala, na hao wana nafasi kubwa zaidi. Chakula cha halali, kwa zamu yoyote, kiombwe mapema wakati wa kukata tiketi. Kukiomba ukiwa tayari mezani ni kuchelewa.

Unasafiri na nani

Mtoto wa miaka minne hawezi kungoja hadi saa 2:15 usiku akakaa kwa adabu kwenye mlo wa saa moja na nusu. Wazazi wenye watoto wadogo waende zamu ya kwanza, hata kama bandari moja au mbili zitawabana. Jioni hizo wanaweza kula kwenye bafe, ambayo huwa wazi bila zamu.

Wazee nao mara nyingi hufaidika na kula mapema. Mwenye kiungulia hushauriwa asilale mpaka saa mbili au tatu zipite baada ya kula. Akiinuka mezani saa 4 usiku, atalala saa ngapi? Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aangalie pengo kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Akichagua zamu ya pili, apange kitafunio cha alasiri na azungumze na daktari wake kabla ya kusafiri.

Vijana na maharusi, wasio na wa kumlaza, zamu ya pili huwapa jioni ndefu: machweo juu ya sitaha, onyesho, kisha chakula.

Saa huria na namna ya kubadilisha

Si meli zote zina zamu. Norwegian Cruise Line iliacha zamu za lazima mwaka 2000, na kampuni nyingine kubwa sasa hukuruhusu kuchagua saa huria. Unafika unapotaka au unaweka nafasi kwa programu ya simu. Unachopoteza ni meza ya kudumu na mara nyingi mhudumu wa kudumu, na saa 1 hadi saa 2 usiku foleni huwa ndefu. Disney ina njia yake: wageni huhama ukumbi hadi ukumbi, na wahudumu huhama pamoja nao. Bakshishi isikusumbue katika uamuzi huu, kwa kuwa kampuni nyingi siku hizi huikata kwa siku kwenye akaunti ya chumba, uwe zamu gani.

Nafasi za zamu hujaa, na katika safari zenye familia nyingi ya kwanza ndiyo hutangulia kujaa. Ukikuta imejaa, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, kisha siku ya kwanza, kabla ya chakula, mwone msimamizi wa ukumbi. Familia mbili zilizokata tiketi mbalimbali zimwombe wakala aziunganishe, la sivyo moja itapangiwa mapema na nyingine usiku. Ukishapata nafasi yako, fika kwa wakati: meza nzima hupakuliwa pamoja, na anayechelewa huwachelewesha wenzake na mhudumu ambaye bado ana kundi la pili mbele yake.

Kwa ushauri wangu, familia yenye watoto au wazee ichukue zamu ya kwanza, hasa Karibea. Anayekwenda kuona miji ya Mediterania au Alaska wakati wa kiangazi achukue ya pili. Kabla hujalipa, mwombe wakala saa za kuondoka kila bandari, ziandike kwenye karatasi, na uamue pamoja na wote mtakaoketi nao meza moja.