Lami Kuukuu Chini ya Gari na Kutu Iliyojificha

Mafundi wa magari husema kwamba chesisi "imeoza", na usemi huo si wa kubezwa, kwani chuma nacho huliwa polepole kutoka ndani kama gogo liliwavyo na mchwa, huku gome la nje likionekana zima. Katika magari ya zamani gome hilo ni lami: koti nene jeusi lililopakwa uvunguni mwa gari ili kuzuia maji, mawe na matope. Anayetaka kulifufua gari la namna hiyo hana budi kwanza kuamua la kufanya na koti hilo. Uamuzi huo unahusu uzima wa gari, na vilevile afya ya fundi mwenyewe.

Mfano ulio karibu na watu wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, ni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini, na chesisi ikabaki ya chuma: mabati yenye unene wa milimita 2 hivi, yaliyolehemiwa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Kwa miaka mingi magari hayo yalibeba maofisa, wauguzi na wamisionari katika barabara za vumbi za bara. Siku hizi yanatafutwa na kutengenezwa upya kwa gharama kubwa. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa tamasha, wakikusudia kuivunja rekodi ya msafara wa Land Rover 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018.

Nyanda za juu za Iramba ni kavu kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa kuwa kutu haifanyiki bila maji na oksijeni kuwapo pamoja, ingetazamiwa kwamba chuma kingedumu huko kuliko Tanga au Unguja, na kwa bati lililo wazi ndivyo ilivyo. Lakini chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, ipo mbuga ya Wembere yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo ukinasa katika kona za chesisi hushika unyevu kwa muda mrefu baada ya barabara kukauka. Ukiwa na chumvichumvi, kama ilivyo kandokando ya maziwa ya Singida na Kindai, hufyonza unyevu hata kutoka hewani.

Sasa lami inaingiaje katika habari hii? Ikiwa mpya ni laini na hung'ang'ania chuma barabara. Kwa miaka mingi, joto na oksijeni huikausha, ikawa ngumu na kupasuka nyufa nyembamba. Maji huingia katika nyufa hizo, wala hayatoki kwa urahisi. Hapo hutokea jambo linalowashangaza wengi: chuma huliwa zaidi pale ambapo oksijeni ni haba. Ukingo wa ufa unaopata hewa na sehemu ya ndani isiyoipata huwa kama ncha mbili za betri. Elektroni husafiri ndani ya chuma kutoka sehemu ya ndani kwenda ukingoni, na atomi za chuma zilizoziacha elektroni hizo huyeyukia majini. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichopotea, kwa hiyo huisukuma lami na kuifanya ivimbe. Uvimbe mdogo uvunguni mwa gari waweza kuwa kifuniko cha tundu.

Ndiyo maana kuikwangua lami ni uchunguzi kabla ya kuwa usafi. Fundi mwangalifu hugonga chesisi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Pale ambapo lami imeshika imara na chuma kinalia vema, hakuna sababu ya kuibandua. Kuivua yote kwa ajili ya uzuri tu ni kazi bure, nayo ina hatari zake.

Ya kwanza ni asbesto. Baadhi ya lami za uvunguni zilizotengenezwa hadi miaka ya 1970 na hata 1980 zilichanganywa na nyuzi za madini hayo ili zisichuruzike. Nyuzi zikiwa zimefungwa ndani ya lami hazina madhara makubwa, lakini zikisagwa huruka kama vumbi lisiloonekana. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba aina zote za asbesto huleta saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, fundi akiwa amekwisha kuisahau kazi yenyewe. Kwa macho haiwezekani kuitambua lami yenye asbesto. Kwa hiyo lami ya zamani isisagwe kwa grenda wala kusuguliwa kavu kwa brashi ya waya, wala mabaki yasipulizwe kwa hewa ya kompresa. Iloweshwe kwanza, ikwanguliwe kwa mkono. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizo. Inafaa barakoa ya kuchuja vumbi laini.

Hatari ya pili ni moto. Ni kweli kwamba lami hulainika ikipashwa, na wengi hupenda kuichoma kwa mwali wa gesi. Lakini katika Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli limo chini ya kiti cha mbele, na chini ya lami huenda mna rangi nyekundu ya risasi, ambayo ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Iramba yenyewe ina njia iliyo salama zaidi. Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda hizo ni za baridi, na lami kuukuu iliyopoa huwa ngumu. Ikikwanguliwa kwa tindo butu huachia vipande vizima, ambapo mchana hunata na kupakaza tu. Katika nchi zenye viwanda watu hutumia barafu kavu ya kaboni dioksidi, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa kanuni hiyo hiyo.

Mabaki yanayonata huyeyushwa kwa mafuta ya taa, maana lami na mafuta ya taa ni ndugu, vyote vikiwa vimetokana na petroli ghafi. Petroli yenyewe isitumike kamwe. Magadi na soda kali navyo viepukwe: hula alumini ya bodi, na soda kali hutoa haidrojeni inayoweza kuwaka. Mafuta ya taa yasiguse mipira ya breki, kwa kuwa huivimbisha.

Breki zinahitaji neno la pekee. Bomba zake nyembamba za chuma hupita kandokando ya chesisi, mara nyingi zikiwa zimefunikwa na lami hiyo hiyo. Tindo ikikwaruza bomba iliyokwisha kuliwa na kutu, huenda isivuje siku hiyo, bali siku breki zitakapokanyagwa kwa nguvu. Magari mengi ya aina hii yana mkondo mmoja tu wa breki. Bomba moja ikipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Anayeijua barabara ya mlima Sekenke hahitaji kuelezwa zaidi. Kila bomba iliyofunuliwa ikiwa na vishimo vya kutu ibadilishwe, isipakwe rangi.

Chuma kikisha kuwa wazi, kutu iliyobaki husuguliwa kwa maji, kisha hupakwa dawa ya tanini, ambayo huigeuza kuwa ganda jeusi lililotulia. Tanini hupatikana katika magome ya miwati, miti inayolimwa Njombe. Hufuata rangi ya zinki. Oili chafu, ambayo wengi huipaka uvunguni kwa kuwa ni rahisi, hudhuru ngozi na mipira, na huweza kuleta saratani.

Mwisho yatafutwe matundu madogo yaliyo chini ya chesisi. Yalitobolewa kiwandani ili maji yatoke, na lami huyaziba. Yazibuliwe kwa waya, ndani ya sanduku pamiminwe nta au mafuta safi, na kazi hiyo iishe kabla ya mvua za Novemba. Mabaki ya lami yafungwe yakiwa mabichi katika mifuko ya plastiki. Yasitumike kuwashia moto jikoni.