Kuungua Kukiisha, Kidonda Bado Kipo

Mtu akiungua chini ya chembe ya moyo, hasa usiku au akiwa na njaa, hukimbilia duka la dawa akapewa vidonge vya kutafuna. Nafuu huja upesi, kwa kuwa vidonge vimezimua asidi iliyokuwepo. Kilicholeta kidonda hakijaguswa.

Ukuta wa tumbo hulindwa na ute mzito, na wanaouvuruga zaidi ni wawili. Wa kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, anayetengeneza amonia ya kuzimua asidi inayomzunguka, akajichimbia ndani ya ute na kukaa humo miaka. Wa pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Huzuia kemikali zinazozidisha maumivu, na katika jamii hiyohiyo ya kemikali zimo zinazoliwezesha tumbo kutoa ute. Bibi anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti anaweza kutokwa damu tumboni bila kuhisi maumivu yoyote kabla.

Zamani lawama zilikuwa kwa mawazo na pilipili. Robin Warren na Barry Marshall, wa Perth nchini Australia, walionyesha vingine; mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao, tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Bado wagonjwa wetu wanakatazwa maharage na kuachiwa bakteria.

Kidonda kikila mshipa wa damu, choo huwa cheusi kama lami, chenye kunata. Kikitoboka, maumivu hupiga ghafla na tumbo hukakamaa. Yote mawili ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Kumwondoa bakteria, dozi inayotumika sana ni omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi klarithromaisini na amoksilini, kwa siku 14. Omeprazoli humezwa nusu saa hivi kabla ya kula. Siku ya tano maumivu yamekwisha, mdomo umekuwa mchungu, na mgonjwa anaacha. Wanaobaki ni bakteria sugu.

Linaloniuma zaidi ni kipimo cha damu. Husoma kingamwili, nazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyepona huambiwa bado anaumwa na kuuziwa dozi nyingine. Kuhakikisha kupona, omba kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya antibiotiki, ukiwa umeacha omeprazoli wiki mbili.