Kompyuta ndogo iliyojificha ndani ya seva, na kwa nini wahandisi wanaiigiza

Seva ikizimwa, si kila kitu ndani yake kinalala. Ilimradi waya wa umeme umechomekwa, kuna kompyuta nyingine ndogo kwenye bodi yake inayoendelea na kazi. Wataalamu wanaiita BMC.

Huenda hujawahi kuisikia. Lakini ukituma pesa kwa simu au ukifungua barua pepe, ombi lako linaishia kwenye seva, na seva nyingi za vituo vya data zina BMC.

BMC inafanya nini?

Ni chipu yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na mara nyingi tundu lake la mtandao. Inapima joto, mwendo wa feni na umeme. Fundi aliye mbali anaitumia kuwasha seva, kuizima, kuona kilicho kwenye skrini yake na hata kuweka upya mfumo mzima, bila kukanyaga chumba cha seva.

Dell wanaiita ya kwao iDRAC, HPE wanaiita iLO. Ili mashine za kampuni tofauti zielewane, kuna utaratibu wa pamoja wa kuzipa amri: IPMI, uliotoka mwaka 1998, na Redfish, uliotoka mwaka 2015.

Hatari iko wapi?

Anayeishika BMC ameishika seva nzima. Programu za ulinzi zilizo ndani ya seva haziwezi kumwona, kwa sababu yeye yuko chini yake.

Juni 2025, shirika la Marekani la usalama wa mtandao, CISA, liliingiza kasoro ya BMC kwenye orodha yake ya kasoro ambazo tayari zinatumiwa na wadukuzi. Kasoro hiyo, CVE-2024-54085, ilikuwa kwenye programu ya kampuni ya AMI inayotumika katika seva za watengenezaji mbalimbali. Ukali wake ulipewa alama 10 kati ya 10. Mdukuzi aliweza kupita bila nenosiri.

Dawa ni kusasisha programu ya BMC. Shida ni kwamba sasisho likiharibika katikati, seva inaweza isiwake tena. Fundi atalazimika kuifungua na kuiandika upya chipu kwa kifaa maalumu. Sasa piga hesabu ya kituo chenye seva elfu moja.

Hapo ndipo BMC ya kuigiza inapoingia

Badala ya kujaribu kwenye seva halisi, wahandisi wanatengeneza BMC ya programu tupu ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Programu maarufu ya kazi hii ni QEMU, ya bure. Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza: QEMU inaipa mashine pepe BMC rahisi ya IPMI. Mfumo ulio ndani unaiona na kuzungumza nayo kama ile ya kweli.

Ya pili: programu ya VirtualBMC, iliyotoka kwenye mradi wa OpenStack. Unatuma amri ya IPMI ya "washa" au "zima" kupitia mtandao, nayo inawasha au kuzima mashine pepe. Kwa upande wa Redfish, kuna sushy-tools.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: QEMU inaigiza chipu yenyewe, kwa mfano AST2600 ya kampuni ya ASPEED. Hapo unaweza kuwasha OpenBMC, mfumo huria wa BMC unaotumia Linux. Sasisho likiharibu kila kitu, unafuta faili, unanakili lingine, unaanza upya. Hakuna seva iliyokufa.

Lakini si kila kitu kinaigizika

Feni ya kuigiza haichoki wala haishiki vumbi. Joto linaloonekana ni namba iliyowekwa, si moto wa kweli. Kwa hiyo sasisho lililofaulu kwenye laptopu bado linapaswa kujaribiwa kwenye seva chache halisi kabla ya kusambazwa kwa zote. VirtualBMC nayo ni ya majaribio, haifai kuachwa kwenye mitambo inayohudumia wateja.

Nani anafaidika?

Kampuni zinazosasisha seva nyingi kwa mpigo, watafiti wanaosaka kasoro, na mwanafunzi asiye na hela ya kununua seva. Huyu wa mwisho anahitaji laptopu na bando tu.

Kwa anayesimamia seva za kweli, mambo mawili hayasubiri majaribio: badilisha nenosiri lililokuja na BMC kutoka kiwandani, na usiiache ionekane kwenye intaneti ya wazi.